Fizi na Baraka: Nzi wanamla mbwa mzee masikio, na dawa tunayompaka ndiyo inamuua

Katika mji wa Baraka na vijiji vya eneo la Fizi, jimbo la Kivu Kusini, mbwa mzee anajulikana kwa masikio yake. Ncha zote mbili zimekuwa nyeusi kwa damu iliyokauka, manyoya yametoka, na ukimkaribia unakuta nzi watano au kumi wamejipanga pale pale kama watu kwenye bomba la maji. Mbwa mwenyewe amechoka kutikisa kichwa. Watoto wanasema ana ukoma, majirani wanasema ananuka, na mwenye mbwa anaenda kwa fundi wa pikipiki kuomba mafuta ya vidange ya kumpaka.

Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Nzi wanaouma masikio ni nadra wamuue mbwa wao peke yao. Kinachomuua mara nyingi ni kile alichopakwa, ama fimbo ya jirani aliyemuona amelegea, macho yamebadilika, akadhani ni kichaa cha mbwa.

Tunajua kuna msomaji atakayeuliza: watu wanakimbia vita, watoto wanakosa dawa, nanyi mnaandika juu ya masikio ya mbwa? Jibu liko kwenye nyua zenu. Kule Lulenge na Ngandja mbwa ndiye anayefukuza nyani na nguruwe pori kwenye shamba la mihogo na mahindi. Ndiye anayelala karibu na mbuzi. Wawindaji wa msituni bado wanamfunga kengele ya mti shingoni ili wamsikie anapofuata mnyama. Na usiku, mahali ambapo mwizi na mwenye bunduki wanapita njia moja, mbwa anayebweka mapema ametoa dakika mbili za kuamka na kutoka na watoto. Mbwa mdogo anabwekea kila kitu, hata kuku wa jirani. Mzee anajua mgeni ni nani na mwenyeji ni nani, na hao wadogo hujifunza kwake. Mbwa wa kijijini akifika miaka kumi ni bahati, kwa hiyo aliyefika huko hapatikani sokoni kwa franka yoyote.

Nzi gani hasa?

Watu wengi wanadhani ni wale nzi wa kawaida wa jikoni waliofuata kidonda. Hapana. Nzi wa jikoni hana uwezo wa kuuma. Mdomo wake ni wa kulamba tu. Anayetoboa sikio la mbwa ni nzi mwingine anayefanana naye sana kwa ukubwa na rangi, nzi wa zizi, ambaye wataalamu wanamwita Stomoxys calcitrans. Mtazame kichwani. Mbele ya uso ametokeza kitu chembamba cheusi kama sindano, na akitua ukutani anapenda kukaa kichwa kikiangalia juu. Ndiye yule anayekuuma kifundo cha mguu mchana umekaa barazani, hata ukiwa na soksi.

Dume na jike wote wanakunywa damu. Akikaa kwenye sikio bila kusumbuliwa anahitaji dakika chache tu kushiba, kisha anaondoka kwenda kupumzika kwenye ukuta au ua uliopata jua. Akifukuzwa kabla ya kushiba, anarudi, anatoboa shimo lingine. Ndiyo maana mbwa mmoja anaweza kuwa na matundu mengi kuliko idadi ya nzi waliopo. Damu inayobaki inawaita nzi wa jikoni nao waje kulamba, na baada yao nzi wa kijani wanaotaga mayai kwenye nyama mbichi. Siku mbili baadaye kuna funza ndani ya kidonda. Waswahili walisema zamani kwamba nzi kufia kidondani si haramu. Anayeteseka ni mwenye kidonda.

Kwa nini masikio? Kwa sababu ngozi pale ni nyembamba, manyoya ni machache, na mishipa ya damu iko karibu. Mbwa wetu wengi wana masikio yaliyosimama, kwa hiyo nzi huuma ncha. Yule wa masikio yaliyoanguka huumwa kwenye mkunjo. Mzee naye analala masaa mengi, viungo vinamuuma, hataki kuinuka kuhamia mahali pengine. Mbwa kijana akiumwa mara moja anaruka, anang'ata hewa, anakimbilia chini ya kitanda. Mzee anafumba macho. Pengine hasikii vizuri na haoni vizuri. Kidonda cha kijana kinakauka kwa siku tatu, cha mzee kinachukua majuma. Tena mzee anaweza kujikojolea akiwa amelala, na mkojo ule una hesabu yake, tutaifikia.

Pwani na milimani si sawa

Nzi wa zizi hatagi mayai kwenye nyama. Anataka vitu vya mimea vinavyooza na kulowa: majani ya chini ya mbuzi yaliyochanganyika na mavi na mkojo, maganda ya mihogo, makapi ya ngazi baada ya kukamua mawese, majani ya migomba yaliyorundikwa. Kwenye joto kama letu, toka yai hadi nzi anayeruka ni kama majuma matatu, mara nyingine pungufu. Sasa fikiria ua wa kawaida kule Mboko, Swima au Abala. Karibu na nyumba kuna shimo la kulowekea mihogo, pembeni lundo la maganda, nyuma yake mbuzi wanne wamefungwa, na katikati ya hayo yote, kwenye kivuli, mbwa mzee amelala. Tumemlaza ndani ya kiwanda cha nzi kisha tunatafuta dawa ya kumpaka.

Baraka mjini kuna jambo la ziada. Maji ya ziwa Tanganyika yalipopanda mwaka 2020 na 2021, kisha tena 2024, yaliingia kwenye mitaa ya kando ya ziwa na kuwatoa watu nyumbani. Maji yakirudi nyuma huacha mstari mrefu wa matete, majani na uchafu uliochanganyika na matope. Chini ya lundo la namna hiyo, penye joto na unyevu, nzi wa zizi huzaa vizuri. Hata kwenye maziwa makubwa ya Marekani wanajulikana kwa kuzaliana kwenye magugu ya maji yaliyotupwa ufukweni. Ongeza harufu ya ndagala zinazoanikwa mchangani na matumbo ya mikebuka yaliyotupwa. Hayo ya samaki hayamvuti sana huyu anayeuma, lakini yanamvuta yule wa kijani anayeleta funza. Mbwa anayelala pwani amepata wote wawili.

Pwani ina faida yake pia, nayo ni upepo. Nzi wa zizi anachukia upepo. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na toka mwezi wa tano hadi wa tisa, wakati wa kiangazi, unavuma kwa nguvu. Mbwa aliyehamishwa toka nyuma ya jikoni kuja upande wa nyumba unaoangalia ziwa anaweza kupumzika mchana mzima bila kupakwa chochote. Kule Fizi-centre juu ya milima upepo si wa kutegemea hivyo, na mifugo ni mingi. Ng'ombe wanaposhuka toka nyanda za juu kutafuta majani wakati wa kiangazi, nzi wanasafiri nao. Hilo mwenye mbwa hawezi kulizuia, lakini anaweza kumsogeza mzee wake mbali na njia ya ng'ombe.

Hesabu ya mkojo

Kuna nzi mwingine ambaye hata haumi na bado mbwa mzee anamuogopa kuliko wote. Wengi wanamwita nzi wa maembe. Jike anataga mayai kwenye mchanga mkavu ulionuka mkojo au mavi, na kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa kivulini. Akina mama wanamjua, ndiyo maana wanapiga pasi hata nepi za mtoto. Mayai yanapasuka, funza mdogo sana anangoja kwenye mchanga, na anaposikia joto la mwili anaingia ndani ya ngozi. Baada ya siku chache kuna uvimbe kama jipu, na katikati tundu dogo ambalo funza anapumulia.

Mbwa ndiye anayeshambuliwa zaidi ya wanyama wote wa nyumbani, kwa sababu moja tu: analala chini. Mbwa mzee anayelala kila siku kwenye shimo lile lile alilochimba, na anayejikojolea humo humo, anaweza kuwa na uvimbe kumi tumboni na kwenye mapaja. Kumtoa funza si kazi ngumu. Paka vazelini nzito juu ya tundu, ngoja kama nusu saa hadi funza akose hewa na kutokeza, kisha bonyeza polepole pande zote mbili, atoke mzima. Usimpasue ndani, atavimbisha zaidi. Safisha kwa sabuni. Lakini ukimrudisha mbwa kwenye shimo lile, juma lijalo utarudia. Fukia shimo, mpe mahali pakavu palipoinuka.

Vitu visivyofaa kupakwa

Mafuta ya vidange ndiyo yanayoongoza. Ni kweli yanafukuza nzi kwa siku moja. Ni kweli pia kwamba yana sumu za mashine, yanachoma ngozi, na mbwa atayalamba yote usiku mmoja. Kwa mbwa mzee ambaye maini na figo vimechoka, huo ni mwisho wa taratibu, na mwenye mbwa atasema nzi ndio walimuua.

Vilevile mafuta ya taa, na unga mweusi wa ndani ya pile za redio. Dawa ya kunyunyizia nyanya au pamba ni mbaya zaidi. Nyingi kati ya hizo zinazouzwa kwa kupimiwa kwenye chupa ndogo hazina maandishi, na sumu za aina hiyo zinapita kwenye ngozi. Dalili zake ni mate mengi, kutetemeka, kuhara, kushindwa kupumua. Angalia vizuri orodha hiyo: mate na kutetemeka ndivyo vitu ambavyo mtaa mzima utavitazama na kusema mbwa ana kichaa.

Dawa za watu za kufukuza mbu za kujipaka mkononi nazo zisiguse mbwa. Nyingi zina kitu kinachoitwa DEET ambacho kwa mbwa anayejilamba kinaleta kutapika na hata degedege. Na ikiwa mtu amekuuzia dawa ya mbwa yenye permetrini, sawa kwa mbwa, lakini mfungie paka mbali hadi ikauke. Paka mmoja anayelala na mbwa aliyetoka kupakwa anaweza kufa.

Kinachosaidia

Anza na maji. Chemsha, acha yapoe, tia chumvi kijiko kidogo kwa nusu lita. Lowesha kitambaa safi, weka juu ya magaga ya sikio dakika kadhaa hadi yalainike yenyewe. Usiyavunje kwa kucha. Lengo ni kuondoa damu, maana damu ndiyo tangazo linaloita nzi wengine. Kausha. Kisha paka vazelini, au mawese kama ndiyo yaliyoko, safu nene kwenye ncha zote na nyuma ya sikio. Mafuta ni ukuta tu, hayana uchawi: nzi akitua miguu inanata na sindano haipiti vizuri. Mafuta meusi yanayotoka kwenye kokwa za ngazi yanafanya kazi hiyo hiyo, na harufu yake kali haidhuru. Tatizo ni kwamba mbwa analamba na vumbi linashika, kwa hiyo ni kazi ya kila siku, mara mbili: asubuhi kabla jua halijapanda na tena mchana kuelekea jioni. Hizo ndizo saa ambazo nzi wa zizi ana njaa zaidi. Usiku haumi.

Mwarobaini unapoota, mafuta ya mbegu zake yakichanganywa na mafuta mengine yanafukuza nzi kwa muda mfupi. Mchaichai pia, kwa saa chache. Hatuwadanganyi kwamba ni dawa kamili. Pareto ni jambo lingine: ua lile lililolimwa sana kwenye milima ya Kivu toka wakati wa wakoloni ndilo lenye sumu ya nzi isiyomdhuru mbwa kwa kipimo cha kawaida. Inachekesha kidogo kwamba dawa salama kuliko zote imeota kwetu na bado tunapaka vidange. Ukipata kwenye farmasi ya mifugo kopo lililoandikwa piretrini na lenye picha ya mbwa, ndilo la kuchukua.

Kuna chandarua pia. Zile zilizogawiwa dhidi ya malaria ni za watu, na msimu wake ukiwa haujaisha ziachwe kitandani kwa mama na mtoto. Hatuna mjadala hapo, wala hapana mjadala juu ya kuvulia ndagala kwa chandarua. Lakini ile iliyochanika hadi haikingi mtu tena inaweza kufunikwa juu ya vijiti vinne ambapo mbwa analala. Isiburutike chini asije akanasa miguu. Ile dawa iliyobaki kwenye nyuzi inaua baadhi ya nzi wanaotua, na zilizobaki wavu wenyewe unawazuia. Usiifue ziwani wala mtoni, dawa ile inaua samaki.

Wengine wanashona kofia ya kitambaa laini, kipande cha kikwembe kilichozeeka, kinachofunika masikio na kuacha macho na mdomo. Inafanya kazi vizuri kwa mbwa mtulivu. Chagua rangi nyeupe au ya maziwa. Bluu ya giza na nyeusi zinamvuta mbung'o, na ndiyo sababu mitego ya mbung'o kote Afrika inashonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi. Kumvika mbwa bluu ni kumvika mtego. Ivuliwe usiku na wakati wa joto kali.

Moshi nao si wa kudharau. Wachungaji wa kila mahali wanawasha moto wa majani mabichi jioni, na ng'ombe wenyewe wanajua kusogea upande moshi unakoelekea. Mbwa mzee akilazwa chini ya upenu wa jikoni, si ndani ambapo atakosa hewa, anapata faida ile ile bila gharama. Baraka ina nyumba nyingi za Waislamu ambamo mbwa haingii ndani, na hilo halizuii kitu: banda dogo la matete na udongo, lenye giza, mlango mdogo ukiangalia ziwa, sakafu iliyoinuliwa kwa mbao au mawe. Nzi wakubwa wa kuuma, wale tunaowaita pange, hawapendi kuingia gizani. Giza, upepo na ukavu vinafanya zaidi ya chupa yoyote.

Halafu lundo. Kama lazima uchague kazi moja tu katika makala hii yote, chagua hii: kila juma, siku moja, toa majani ya chini ya mbuzi na maganda ya mihogo, yatandaze juani yakauke, ama yazike shambani. Funza wa nzi wa zizi hawezi kuishi kwenye kitu kikavu. Kwa vile anahitaji majuma mawili hadi matatu kukomaa, ukisafisha kila juma hakuna anayefika kuwa na mabawa. Jirani asiposafisha, utakuwa umepunguza nusu ya tabu, na nusu nyingine ni ya kuzungumza naye.

Mbung'o na macho ya ukungu

Sasa tuongee juu ya yule ambaye kweli anaua. Eneo la Fizi lina vijito vingi vyenye miti kando yake, na mbung'o, ambaye wengi wanamwita tsetse, anaishi humo. Watu wa ziwa Tanganyika wanamjua kwa machungu: mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa usingizi uliua wengi kwenye fukwe hizi, na serikali za wakoloni zilihamisha vijiji toka kando ya maji. Hadi leo Kongo ndiyo nchi yenye wagonjwa wengi kuliko nyingine zote duniani, ingawa idadi imeshuka sana.

Kwamba mbwa anakufa kwa mbung'o si habari mpya. David Livingstone, yule aliyekutana na Stanley kule Ujiji ng'ambo ya ziwa mwaka 1871, alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1857 kwamba ng'ombe, farasi na mbwa hawaponi. Mwaka 1895 daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, akiwa Zululand katika Afrika Kusini ya leo, alipeleka ng'ombe na mbwa mahali penye mbung'o, akawarudisha, na akaona kwenye damu yao vijidudu vinavyoogelea. Mbwa walisaidia kugundua siri ile, na walilipa kwa maisha yao.

Dalili kwa mbwa: homa inayokuja na kuondoka, kukonda ingawa anakula, ufizi kuwa mweupe, uso kuvimba, tezi za shingoni kukua. Na macho. Kioo cha jicho kinakuwa na ukungu wa rangi ya maziwa yenye bluu kidogo. Kwa mbwa mzee kila mtu atasema ni uzee, kwa sababu wazee nao hupata mtoto wa jicho. Tofauti ni kwamba ule wa uzee unakuja kwa miezi na uko ndani kabisa ya jicho, wakati huu unakuja kwa siku, uko juu juu, na mbwa ana homa. Ugonjwa ukifika kwenye ubongo, mbwa anayumba, anazunguka, anaweza kubadilika tabia na kumuuma hata mwenye nyumba.

Mtaa ukiona hayo hausubiri. Kichaa cha mbwa kipo kweli nchini mwetu, kinaua watoto, na hakuna wa kulaumu watu kwa kuogopa. Kwa hiyo sisi hatuwezi kuandika kwamba mbwa anayeyumba asiogopwe. Tunaandika hivi: mbwa aliyechanjwa, ambaye kadi yake ipo, na ambaye mwenye nyumba amekuwa akimhudumia masikio yake kila siku, ana mtu wa kumtetea na karatasi ya kuonyesha. Mbwa asiyechanjwa hana. Chanjo ya kichaa hutolewa upya kwa kipindi kilichoandikwa kwenye kadi. Ulizeni kwenye ofisi ya eneo ya kilimo, uvuvi na ufugaji lini wanayo, na msingoje mbwa azeeke.

Na kwa anayemhudumia: mbwa mwenye maumivu ya sikio anauma hata rafiki. Mfunge mdomo kwa kitambaa laini kabla ya kugusa kidonda, muache apumue. Kama hajachanjwa, na amebadilika tabia ghafla, hawezi kumeza, sauti imebadilika, usimguse kabisa. Mfungie mahali na umwite mtaalamu. Mtu akiumwa, aoshe kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 bila kupunguza, kisha aende kituo cha afya siku ile ile. Asipakwe majivu, wala mafuta, wala pilipili.

Dawa ya ugonjwa wa mbung'o ipo, unga wa manjano kwenye vipakiti, uliotengenezwa hasa kwa ng'ombe. Kipimo cha mbwa kinapimwa kwa kilo zake na nafasi kati ya kipimo kinachoponya na kinachoharibu ubongo ni ndogo sana. Anayekadiria kwa macho, kwa sindano aliyotumia kwa ng'ombe asubuhi, anaweza kumuua mbwa kwa siku mbili. Mtaalamu wa mifugo ampime uzito kwanza, hata kwa mzani wa sokoni, ule wa mihogo: mtu apande peke yake, kisha apande amembeba mbwa, mtoe tofauti.

Masikio yasipopona baada ya majuma mawili ya maji ya chumvi, mafuta na kuhamishwa mahali, ujue si nzi tu. Inaweza kuwa upele wa wadudu wa ngozi, ambao unawasha usiku na mchana na unaanza mara nyingi kwenye kingo za masikio. Inaweza kuwa kidonda cha saratani kwa mbwa mweupe aliyekaa juani miaka mingi. Na sikio likivimba lote kama mto uliojaa maji, ni kwa sababu ametikisa kichwa hadi mshipa umepasuka ndani. Usilitoboe kwa wembe. Mpeleke asubuhi na mapema, kabla jua na nzi havijaamka, na mfunike masikio njiani kwa kitambaa cheupe.